Ripoti ya Pap iliyosema "ASC-US": uchambuzi wa kisa cha mwalimu wa miaka 44

Kisa hiki nimekiunga kutokana na hali zinazojirudia katika kliniki za wanawake jijini Dar es Salaam, na mama anayeelezwa humu si mtu mmoja anayeweza kutambuliwa. Nimemchagua mwanamke asiye na saratani, asiye na dalili ya kutisha, ambaye jibu lake la Pap, kipimo cha seli za mlango wa kizazi, liliangukia katikati, kwa sababu hapo ndipo ninapoona wanawake wengi wakipotezwa njia: ama wanakatwa kiungo ambacho hakikuhitaji kukatwa, ama wanarudishwa nyumbani na neno "upo salama" ambalo hakuna kipimo kilichowahi kulisema.

Kisa chenyewe

Mwalimu wa shule ya msingi, mwenye umri wa miaka 44 na watoto wanne, alikwenda kliniki binafsi kwa sababu ya uchafu ukeni uliokuwa ukimsumbua mara kwa mara. Hakuwa na damu baada ya tendo la ndoa wala damu katikati ya mwezi, ingawa hedhi yake ilikuwa haitabiriki kwa sababu alikuwa akitumia sindano ya uzazi wa mpango kwa miaka kadhaa. Hakuwahi kupimwa saratani ya mlango wa kizazi hata mara moja. Daktari alimchunguza, akauona mlango wa kizazi ukiwa mwekundu kidogo bila kidonda wala kinundu, akachukua sampuli ya Pap, yaani seli zinazokwanguliwa hapo na kupakwa kwenye slaidi ya kioo ili zisomwe kwa hadubini, na kumwambia arudi baada ya wiki mbili.

Majibu yalipotoka, daktari alikuwa safarini. Mwalimu akakabidhiwa karatasi moja iliyoandikwa kwa Kiingereza, ambayo mstari wake wa mwisho ulisema kwamba kumeonekana seli bapa zisizo za kawaida zenye maana isiyobainika, na pembeni yake kifupisho ASC-US. Mhudumu wa mapokezi, aliyeulizwa maana yake, alijibu kwa nia njema kabisa: "Mwalimu, seli zako si nzuri, msubiri daktari."

Hakusubiri, na sidhani kama kuna mtu ambaye angeweza kusubiri baada ya kauli hiyo. Shemeji yake anayefanya kazi katika hospitali nyingine alimshauri atolewe kizazi mapema, maadamu ameshamaliza kuzaa. Tabibu wa zahanati ya mtaani aliiona ripoti, akasema hayo ni maambukizi tu, akampa dawa za kumeza kwa siku saba. Muuguzi wa kituo cha afya alimfanyia kipimo cha siki, hakuona sehemu iliyobadilika kuwa nyeupe, akamwambia arudi baada ya miaka mitatu. Slaidi moja ikawa imezaa hukumu tatu zinazopingana, na kila aliyezitoa alikuwa anamtakia mema.

Ripoti ilisema nini hasa

Tuanze na karatasi yenyewe, kwa sababu kati ya wale watatu hakuna aliyesoma zaidi ya mstari wa mwisho. Ripoti ya Pap iliyoandikwa vizuri hueleza kwanza kama sampuli inatosha kusomwa. Kwa slaidi ya kawaida iliyopakwa kwa mkono, inatakiwa kuwe na seli bapa zinazokadiriwa kati ya 8,000 na 12,000 zinazoonekana vizuri. Kwa sampuli iliyowekwa kwenye chupa ya maji maalumu, 5,000 zinatosha. Ripoti ya mwalimu ilisema sampuli inatosha, kwamba seli za eneo la mageuzi zilionekana, yaani lile eneo la mlango wa kizazi ambako seli za ndani hukutana na za nje na ambako saratani nyingi huanzia, kwamba kuna dalili za uvimbe wa wastani, yaani seli zilizochokozwa na si kinundu, na kwamba hakuna trikomona wala fangasi walioonekana. Mambo haya manne yana uzito mkubwa. Kama sampuli ingekuwa haitoshi, au seli zake zimefunikwa na damu na usaha, mjadala wote ungeishia hapo na jibu lingekuwa kurudia kipimo.

Halafu ndipo tufike kwenye ASC-US. Kifupisho hiki kinatoka katika Mfumo wa Bethesda, uliowekwa mwaka 1988 katika mkutano uliofanyika Bethesda, jimbo la Maryland nchini Marekani, wakati kila maabara ilikuwa na lugha yake ya kutaja majibu na daktari hakuweza kujua kama neno la maabara moja lina uzito sawa na la nyingine. Mfumo huo umerekebishwa mwaka 1991, 2001 na 2014. Ndani yake kuna mabadiliko madogo yanayoitwa LSIL, ambayo kwa kawaida ni alama ya maambukizi ya virusi vya papiloma, yaani HPV. Kuna mabadiliko makubwa yanayoitwa HSIL, ambayo ndiyo yanayoweza kugeuka saratani yasipotibiwa. Na kuna saratani yenyewe. ASC-US haimo katika ngazi hizo. Haisemi kwamba mwanamke ana ugonjwa wa hatua ya kwanza. Inasema kwamba msomaji wa slaidi ameona kitu kilichozidi ukawaida lakini hakikufikia vigezo vya kukiita LSIL kwa uhakika. Ni kauli kuhusu mipaka ya slaidi, na aliyeiandika amefanya uungwana wa kukiri kwamba macho na hadubini havikutosha.

Ni vizuri kuona jinsi mpaka huo ulivyo mwembamba. Msomaji hulinganisha kiini cha seli anayoitilia shaka na kiini cha seli bapa ya kati iliyo ya kawaida, ambacho ukubwa wake ni takriban mikromita za mraba 35. Kiini kikiwa kimekua mara mbili na nusu hadi mara tatu ya hapo, rangi yake ikiwa imekolea kidogo na ukingo wake umepinda kidogo, hiyo ni ASC-US. Kikizidi mara tatu na rangi ikakolea waziwazi, au kukawa na uwazi mweupe wenye ukingo mkali unaokizunguka kiini, ataandika LSIL. Sasa fikiria vitu vinavyoweza kukuza kiini bila virusi hatari kuwepo: uvimbe wa muda mrefu, seli zinazojijenga upya baada ya kidonda, upungufu wa homoni ya estrojeni, hata slaidi iliyoachwa ikakauka hewani kabla ya kutumbukizwa kwenye alkoholi. Hilo la mwisho linatokea sana kwenye kliniki zenye watu wengi, ambako anayechukua sampuli ndiye huyohuyo anayeandika fomu, na sekunde chache kati ya kupaka slaidi na kuitia kwenye alkoholi zinatosha kuvimbisha viini.

Ndiyo maana fomu inayokwenda na slaidi ni sehemu ya kipimo. Fomu ya mwalimu ilikuwa na jina, umri na neno "uchafu". Nafasi ya tarehe ya hedhi ya mwisho ilikuwa tupu, nafasi ya dawa anazotumia tupu, nafasi ya hali ya VVU tupu. Mwanapatholojia, yaani daktari msomaji wa slaidi, hakujua kwamba mama huyu yuko kwenye sindano ya uzazi wa mpango, ambayo ikitumika kwa muda mrefu inaweza kupunguza estrojeni na kubadilisha sura ya seli. Pengine asingebadilisha jibu. Lakini alinyimwa nafasi ya kulipima, na mimi naamini fomu tupu inapaswa kurudishwa kliniki kama inavyorudishwa slaidi iliyovunjika.

Kuna ushahidi mzuri wa jinsi jibu hili lisivyotulia. Utafiti mkubwa unaojulikana kama ALTS, uliofadhiliwa na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, uliandikisha karibu wanawake 3,500 wenye jibu la aina hii. Slaidi zao ziliposomwa upya na jopo la wataalamu, jopo lilikubaliana na jibu la kwanza katika chini ya nusu ya slaidi. Zilizobaki, baadhi waliona ni za kawaida kabisa na baadhi waliziona ni mbaya zaidi. Hao walikuwa wasomaji waliobobea, katika maabara zenye vifaa kamili. Kwa hiyo ushauri ambao wagonjwa wengi hupewa, wa kuipeleka slaidi kwa msomaji mwingine "tuone atasemaje", hauna faida kubwa kwa ASC-US. Msomaji wa pili atatoa maoni ya pili. Kinachotakiwa ni kipimo cha aina nyingine, kinachojibu swali ambalo slaidi haiwezi kulijibu.

Ushauri wa watu watatu

Shauri la kutoa kizazi ndilo zito zaidi, nalo linatolewa mara nyingi kwa wanawake waliopita miaka 40, kana kwamba kiungo kilichomaliza kazi yake hakina thamani. Upasuaji huo una hatari ya kutokwa damu, ya maambukizi, ya kujeruhi kibofu na mirija ya mkojo, na unahitaji wiki kadhaa za kupona. Kuufanya kwa sababu ya ASC-US ni kutibu ugonjwa ambao hakuna aliyeuona. Kuna hatari nyingine ambayo haisemwi sana, na kwangu ni kubwa zaidi: iwapo kwa bahati mbaya ndani ya mlango wa kizazi kuna saratani ambayo haijagunduliwa, kizazi kikiondolewa kwa njia ya kawaida bila kujua, matibabu ya saratani hiyo yanakuwa magumu kuliko ambavyo yangekuwa. Kwa hiyo hata kwa mwenye hofu kubwa kabisa, kupasuliwa kabla ya uchunguzi kunamwongezea hatari.

Dawa za siku saba zina historia yake. Zamani ilikuwa desturi kumpa dawa mwanamke mwenye jibu la mashaka na kurudia Pap, kwa wazo kwamba uvimbe ukiisha seli zitarudi sawa. Tatizo ni kwamba mfumo wa Bethesda unao mahali pake pa kuweka mabadiliko yanayotokana na uvimbe tu: yanaandikwa kwenye kundi la majibu ya kawaida. Mwanapatholojia aliyeandika ASC-US aliuona uvimbe, akautaja kwenye mstari wake, kisha akasema kuna kitu ambacho uvimbe huo haukielezi vya kutosha. Tabibu alimpa dawa ya maambukizi ambayo ripoti haikuyaona. Kama mama ana uchafu, apimwe na atibiwe kwa ajili ya uchafu wake, ni haki yake. Lakini tiba hiyo haijibu ripoti ya Pap, na hatari yake kubwa ni kwamba uchafu ukiisha, mama huamini na ripoti nayo imekwisha.

Kwa muuguzi aliyefanya kipimo cha siki nina heshima kubwa, kwa sababu kipimo hicho ndicho kimekuwa nguzo ya uchunguzi katika vituo vya umma nchini Tanzania. Asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5 hupakwa kwenye mlango wa kizazi, muuguzi husubiri dakika moja au zaidi kidogo, na sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Kinafanyika papo hapo, hakihitaji maabara, na mwenye tatizo anaweza kutibiwa siku hiyohiyo. Lakini kinategemea macho ya mtu mmoja na mwanga alionao, nacho hukosa sehemu ya mabadiliko makubwa yaliyopo. Kwa mwanamke ambaye hakuna lolote lililokuwa limeonekana kabla, jibu lisilo na weupe linatosha kumpangia tarehe ya baadaye. Kwa mwanamke ambaye tayari ana slaidi yenye mashaka, haliwezi kuifuta slaidi hiyo. Muuguzi hakuonyeshwa ripoti. Angeonyeshwa, pengine asingetamka miaka mitatu.

Kipimo kilichokosekana

Daktari aliporudi aliagiza vitu viwili: kipimo cha HPV na kipimo cha VVU. Mara ya mwisho mwalimu kupimwa VVU ilikuwa kliniki ya wajawazito wa mtoto wake wa mwisho. Alipimwa upya, hakuwa na maambukizi. Kwa nini hili lilitangulia nitalieleza mbele kidogo.

Mantiki ya kupima HPV ni kwamba karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na maambukizi ya kudumu ya aina hatarishi za virusi hivyo, ugunduzi uliompatia Mjerumani Harald zur Hausen Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Virusi vikikosekana, kiini kilichokua kidogo kina uwezekano mkubwa wa kuwa kimekuzwa na sababu isiyo na madhara. Katika utafiti wa ALTS, takriban nusu ya wanawake wenye ASC-US walikutwa na aina hatarishi, na kuwachunguza hao nusu peke yao kulitosha kuwanasa karibu wote waliokuwa na mabadiliko makubwa. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2019, inayotegemea kumbukumbu za zaidi ya wanawake milioni moja, inaweka hesabu hivi: mwenye ASC-US asiye na HPV ana uwezekano wa takriban asilimia 0.4 wa kukutwa na mabadiliko makubwa ya ngazi ya tatu, CIN3, au zaidi ndani ya miaka mitano, na anaambiwa arudi baada ya miaka mitatu. Mwenye ASC-US na HPV ana uwezekano wa zaidi kidogo ya asilimia 4 wa kuwa nayo tayari siku anapopimwa, na anapelekwa kwenye kolposkopia, yaani kuangaliwa mlango wa kizazi kwa kifaa kinachokuza.

Hapa nataka kusisitiza jambo moja. Takwimu hizo zilitoka California, kwa wanawake ambao wengi wao wamekuwa wakipimwa tangu ujana, na mabadiliko yao makubwa yameshaondolewa miaka mingi nyuma. Mwalimu wetu ana miaka 44 na hiki ndicho kipimo chake cha kwanza. Mabadiliko yaliyoanza alipokuwa na miaka 30 yangeweza kuwa bado yapo, yakiendelea kukua bila mtu kujua. Kwa hiyo asilimia 4 kwake ichukuliwe kuwa ni kiwango cha chini. Anayenakili mwongozo wa ng'ambo na kusema "hatari ni ndogo, tusubiri mwaka" amenakili namba na kuacha historia ya wanawake ambao namba hiyo inawahusu.

Kipimo cha mwalimu kilifanywa kwa mashine ya GeneXpert, ileile inayojulikana hospitalini kwa kupima kifua kikuu, ambayo hutoa jibu ndani ya saa moja hivi. Karatasi yake haisemi "ana" au "hana" tu. Inagawa majibu katika makundi matano: aina ya 16 peke yake, 18 pamoja na 45, kundi la 31, 33, 35, 52 na 58, kundi la 51 na 59, na kundi la 39, 56, 66 na 68. Mwalimu alikutwa na kundi la tatu. Aina za 16 na 18 ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani, hivyo kutokuwa nazo ni afadhali. Lakini kundi la tatu si la kupuuza, na kwa Afrika kuna sababu ya ziada: ndani yake imo aina ya 35, ambayo imeonekana katika saratani za wanawake wa Afrika kwa kiwango kikubwa kuliko katika mabara mengine, na ambayo haimo hata katika chanjo inayokinga aina tisa. Mashine haikusema ni ipi kati ya zile tano. Ikatosha kusema kwamba njia ya kurudi nyumbani na kusubiri miaka mitatu imefungwa.

Swali la mume

Swali la kwanza la mwalimu baada ya kusikia kuna virusi halikuhusu saratani. Aliuliza, kwa sauti ya chini: "Daktari, hivi virusi nimevipata kwa nani, na lini?" Swali hili lina uzito wa kuvunja nyumba, na ni wajibu wa kliniki kulijibu kabla mama hajafika mlangoni. HPV huambukizwa kwa ngono na kwa mgusano wa ngozi za sehemu za siri, na watu wengi walioanza maisha ya ngono huipata wakati fulani. Maambukizi mengi hudhibitiwa na mwili ndani ya mwaka mmoja hadi miwili bila dalili yoyote, na mengine hutulia kwa kiwango kisichoonekana kwenye kipimo kwa miaka mingi kisha yakaonekana tena. Kipimo cha leo hakina tarehe ndani yake. Hakiwezi kusema kama virusi viliingia mwaka jana au kabla ya ndoa, wala vililetwa na nani kati ya wawili. Daktari alimwambia hivyo waziwazi, akamweleza pia kwamba mume hahitaji kupimwa wala kutibiwa kwa ajili ya HPV, kwa sababu hakuna kipimo kilichoidhinishwa cha kumpima mwanamume kwa ajili hiyo na hakuna dawa ya kuviua virusi. Hakumficha kwamba mume akitaka kuja kusikia mwenyewe anakaribishwa. Alikuja.

Kolposkopia na kinyama

Katika kolposkopia mlango wa kizazi huangaliwa kwa kifaa kinachokuza, kwanza bila kitu, kisha baada ya kupakwa asidi ya asetiki, na mara nyingine baada ya kupakwa ayodini. Kwa mwalimu, mpaka wote wa seli za ndani na za nje ulionekana, jambo lililoongeza uhakika wa uchunguzi. Upande wa mbele kulikuwa na weupe hafifu, mwembamba, wenye ukingo usio dhahiri, ambao jicho tupu la muuguzi lisingelaumiwa kwa kuukosa. Hakukuwa na mishipa ya damu yenye sura mbaya. Vinyama viwili, yaani vipande vidogo vya nyama vya kupimwa maabara, vilichukuliwa hapo, kwa kuwa kimoja peke yake hukosa mabadiliko mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Jibu la kinyama lilikuwa CIN1, ngazi ya chini kabisa ya mabadiliko. Hiki ni kipande cha nyama kamili kinachoonyesha tabaka zote, si seli zilizokwanguliwa juu, kwa hiyo hapa tunaweza kuzungumza ngazi. CIN1 ni alama ya maambukizi ya HPV yanayoendelea, na mara nyingi hutoweka yenyewe. Kwa hali hii, pamoja na Pap iliyokuwa ya mashaka madogo tu na mpaka wa seli ulioonekana wote, daktari hakumtibu. Alimpangia kipimo cha HPV baada ya miezi 12.

Uamuzi huo unaweza kupingwa, na upinzani wake una hoja. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 inaruhusu njia mbili: mwenye HPV atibiwe moja kwa moja akifaa kutibiwa, au apitie kwanza kipimo cha kuchuja. Kama mwalimu huyu angekuwa anaishi mbali na hospitali yenye kolposkopia, kama nauli ya kurudi baada ya mwaka ingekuwa shida, au kama kituo hakina daftari la kumfuatilia asiyerudi, mimi ningeunga mkono kuunguza eneo hilo kwa joto siku ileile lilipoonekana. Tiba hiyo huchukua dakika chache, hufanywa bila kulazwa, na kwa mwanamke aliyemaliza kuzaa madhara yake ni madogo. Uamuzi wa kusubiri ni mzuri pale tu ambapo kuna mtu atakayepiga simu mwezi wa 13 ukifika na mama hajaonekana. Kliniki hii ilikuwa na mtu huyo.

Mambo ambayo yangebadilisha njia

Kama kipimo cha VVU kingekuwa chanya, karibu kila hatua ingehama. Wanawake wanaoishi na VVU wana hatari ya saratani hii inayokadiriwa kuwa mara sita ya wenzao, na mabadiliko ambayo kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani yanaweza kuchukua miaka 5 hadi 10 kinga ikiwa dhaifu. Kwao Shirika la Afya Duniani linashauri uchunguzi uanze wakiwa na miaka 25 na kurudiwa kila miaka mitatu hadi mitano, badala ya kuanza miaka 30 na kurudia kila miaka mitano hadi kumi. Fomu ya Pap yenye nafasi tupu ya VVU, kwa hiyo, inamfanya msomaji na daktari wote wawili wafasiri jibu lilelile bila kujua liko katika mwili wa namna gani.

Kama karatasi ingesema ASC-H badala ya ASC-US, herufi zingekaribia kufanana na maana ingekuwa mbali kabisa. Hapo msomaji anasema hawezi kuondoa shaka ya mabadiliko makubwa, na kolposkopia ni lazima hata kama HPV haikuonekana. Nimeona karatasi za rufaa zilizoandikwa "ASC" tu. Herufi zinazofuata ndizo zinazoamua kama mama apande gari wiki hii, na asiandikiwe rufaa bila kuzikamilisha.

Binti wa miaka 22 mwenye ASC-US angeambiwa tu arudie Pap baada ya mwaka, kwa sababu katika umri huo HPV ni nyingi, hupita, na saratani ni nadra mno. Mama wa miaka 58 aliyekoma hedhi angeweza kupewa kwanza krimu ya estrojeni ukeni kisha sampuli irudiwe, pale ambapo seli zimesinyaa na kumchanganya msomaji; na kwake kipimo cha siki hakifai, maana eneo la mageuzi huwa limeingia ndani lisikoonekana. Na mahali ambapo kipimo cha HPV hakipo kabisa, njia inayobaki kwa mwanamke kama mwalimu ni kurudia Pap baada ya mwaka, si baada ya wiki chache, kwa kuwa sampuli inayochukuliwa mapema mno hukuta seli hazijajijenga na inaweza kutoa jibu la uongo la kutuliza.

Baada ya miezi 12 mwalimu alirudi akiwa na ripoti zake zote ndani ya bahasha moja, kama alivyoelekezwa: Pap, HPV, kinyama, na namba ya slaidi. Safari hii mashine haikuona aina yoyote hatarishi. Alipangiwa kipimo kingine cha HPV baada ya miaka mitatu, na kwenye kadi yake daktari akaandika kwa Kiswahili mambo ya kumrudisha kabla ya tarehe hiyo: damu baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya mwezi isiyoelezwa na sindano, damu yoyote baada ya hedhi kukoma, uchafu wenye harufu mbaya usioisha kwa dawa, maumivu ya nyonga yasiyokoma.